Kisiki cha mvule

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Juzi kwenye simu uliniuliza, na sauti yako ilikuwa ya lawama, kwa nini nimekata zile kalitusi mbili za mbele ya nyumba ulizozipanda ukiwa mdogo. Mtandao ukakatika kabla sijajibu. Basi naandika, na utavumilia Kiswahili changu cha kambini.

Nimezikata kwa ajili ya moto. Majani ya kalitusi yana mafuta, na magome yake yananing'inia kama nguo kuukuu. Cheche ikitua hapo inapanda mpaka kileleni, halafu upepo unaimwaga juu ya paa. Nyumba ni mabati, ila jiko la mama yako bado ni la nyasi, na mabati hataki kuyasikia, eti yatamwoka. Kati ya kubomoa jiko lake na kukata miti yako, nimechagua kugombana na aliye mbali.

Wewe huko Kampala unadhani hatari inatoka msituni. Budongo ni mkubwa, karibu kilomita za mraba 800, lakini chini ya mikangazi kuna unyevu hata Januari, na moto ukifika ukingoni hukosa cha kula. Kinachowaka ni nyasi zilizo kati yetu na msitu. Nilipokuwa nikisindikiza wageni pale Sonso, kwenye kituo cha watafiti wa sokwe, niliambiwa kwamba bwana misitu mmoja, Eggeling, aliandika mwaka 1947 jinsi msitu ulivyokuwa ukisogea na kuzimeza nyasi. Moto wa kila mwaka ndio unaourudisha nyuma.

Na moto huo una wenyewe. Mfugaji anataka majani machanga ya mbuzi. Mwindaji anamfukuza ndezi kichakani. Mrina asali anatupa mwenge akikimbia nyuki. Kuanzia Desemba hadi Februari kila jioni utaona moshi mahali.

Ndiyo maana nimelima njia ya moto hatua kumi kwa upana, upande wa kaskazini-mashariki ambako upepo wa kiangazi hutokea. Nimesema nimelima, sikusema nimefyeka. Vijana wanafyeka, wanaacha nyasi pale pale zikauke, kisha wanajisifu. Hiyo ni kuni wameandaa. Jembe lifike kwenye udongo mtupu. Nyuma ya njia hiyo ipo migomba, shina lake maji matupu, ila lazima majani makavu yapunguzwe kila wiki.

Sasa lile ambalo kwenye simu nisingeliweza.

Unakumbuka moto wa mwaka ule ulipokuwa P5, darasa la tano? Ulioteketeza misonobari ya jirani yetu na mizinga yake 14? Ulilala kwa shangazi yako siku mbili kwa sababu ya moshi. Kijiji kizima tulisema ni wawindaji, na mimi nilisema kwa sauti kuliko wote.

Nilikuwa mimi. Nilirundika mabua ya mahindi mpakani, juu ya kisiki cha mvule, nikawasha asubuhi kukiwa na umande. Saa nne palikuwa majivu tu. Nikamwagia jerikeni moja la maji, nikaweka kiganja juu, pakawa baridi, nikaenda zangu kunywa chai. Kumbe moto umeingia kwenye mizizi. Ulikaa humo siku tatu unatafuna chini kwa chini, siku ya nne upepo ukavuma mchana ukatokea upande wa pili, penye nyasi.

Na mimi ni polisi, mwanangu. Sheria ya kukataza kuchoma nyasi ipo tangu 1974, enzi za Amin, na kwa sheria hiyo nimewahi kumweka ndani mzee mwenye umri wa baba yangu. Kila nikifika kwenye mpaka ule namwona yeye, akivua mkanda na viatu kaunta.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilimwambia jirani. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa kesi kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Kisiki kipi?" Tukaenda naye. Pamebaki shimo tu, na mifereji ambamo mizizi ilipita, kama vidole. Akaingiza fimbo yake mfereji mmoja, ikazama yote mpaka kwenye mpini. Akasema, "Maji yangemwagwa humu."

Kuhusu deni, pesa hataki. Anataka kupanda upya mvua za Machi, si misonobari safari hii, mikangazi na mivule, na mimi nimchimbie mashimo 400. Nimemkubalia. Mpaka leo nimechimba 17, ardhi ni ngumu kama sakafu, na mama yako ananikanda mgongo kila usiku bila kujua sababu. Hilo niachie nimwambie mwenyewe.

Ukija mwezi wa kwanza, njoo na buti na sururu nzuri. Za dukani hapa zinapinda.

Baba yako