Ukubwa wa chembe uandikwe kwenye nyaraka za mzigo

Ndugu Mhariri,

Poda nyeupe ya titani dioksaidi inayotumika kwenye rangi, plastiki na vipodozi hutambulishwa kwa namba ya CAS (namba ya kimataifa ya kutambulisha kemikali) 13463-67-7. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu ukubwa wa chembe. Poda ya rangi, ambayo chembe zake huwa na nanomita 200 hadi 300, na ile ya losheni ya kukinga jua, iliyo chini ya nanomita 100 (ukubwa unaoitwa nano; nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), hupita kwa namba ileile.

Kwa mapafu, hizo ni bidhaa mbili. Mwaka 2011 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipendekeza hewa ya kazini isizidi miligramu 2.4 za poda ya kawaida kwa kila mita ya ujazo. Kwa ile laini mno, kikomo ni 0.3, yaani pungufu mara nane. Gramu moja ikiwa ya chembe ndogo zaidi, uso unaogusana na mapafu huongezeka, na madhara hufuata ukubwa wa uso huo kuliko uzito.

Umbo la bidhaa nalo lina uzito wake. Umoja wa Ulaya unaruhusu titani dioksaidi ya nano hadi asilimia 25 kwenye losheni ya kukinga jua, ila si kwenye bidhaa ya kupuliza inayoweza kufika mapafuni. Ujerumani, Machi 2006, watu takriban 100 walipata shida ya kupumua baada ya kutumia Magic Nano, dawa ya kupuliza kwenye vioo na vigae. Ilirudishwa kutoka madukani ndani ya siku chache. Uchunguzi haukukuta chembe za nano ndani yake! Toleo la pampu ya mkono lilikuwa limeuzwa bila malalamiko. Shida ilikuja na mkebe wa gesi, unaotoa matone madogo mno. Kwa hiyo mkaguzi anayesoma jina la mbele ya mkebe tu atakamata asiyehusika na kumwachia anayehusika.

Naziomba TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali zidai taarifa ya ukubwa wa chembe sasa, bila kungoja sheria mpya ya nano. Karatasi ya usalama wa kemikali ina sehemu 16, na katika mfumo wa sasa wa GHS, yaani mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, sehemu ya 9 ina nafasi ya sifa za chembe. Wauzaji wengi wakiachiwa huiacha tupu.

Mwagizaji adai mgawanyo wa ukubwa kwa idadi ya chembe. Ukitolewa kwa uzito, punje kubwa chache huficha maelfu ya ndogo. Adai pia eneo la uso kwa gramu na kipimo cha hadubini ya elektroni, kwa sababu vipimo vya leza husoma mabonge: cheti kitaandika mikromita 2 (nanomita 2,000) wakati bonge lenyewe limejengwa na chembe za nanomita 30.

Kiwandani, hatari kubwa ni wakati wa kumimina gunia kwenye mashine ya kuchanganyia na wakati wa usafi. Mdomo wa gunia uwe karibu na kifyonza vumbi. Sakafu ipanguswe kwa maji, isipulizwe kwa kompresa wala kufagiwa kavu. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la N95 au FFP2 hukamata hata chembe za nano, kinyume na wanavyodhani wengi, maana chembe ndogo mno hutangatanga na kujigonga kwenye nyuzi. Zinazopenya zaidi ni zile za takriban nanomita 30 hadi 100, na hata hizo nyingi hukamatwa. Kinachoharibu kazi ni mwanya wa pembeni, hasa kwa mwenye ndevu.

Mkataba wa ununuzi nao useme ukubwa wa chembe na nani atabeba gharama mzigo ukipimwa na kukutwa tofauti, kabla salio halijalipwa. Bila kifungu hicho, muuzaji atajibu kwamba alileta titani dioksaidi kama ilivyoagizwa, na atakuwa amesema kweli.

Mkemia wa viwandani,
Dar es Salaam