Kwa nini tunakesha kwenye kisima chako

Sisi kazi yetu ni kupima kisima kinatoa maji kiasi gani, hapa Dodoma, na wiki hii tumeitwa wezi tena. Mteja wetu wa Nala, mtu mwenye heshima zake, ametuma ujumbe wa sauti mrefu kwamba tumemtoza hela ya kununulia pampu “kwa kubandika vidude viwili nje ya bomba, halafu mkalala.” Ihumwa tumeshaambiwa hivyo, Chamwino pia. Basi tunajibu kwa maandishi, na atakayeuliza tena tutamtumia hapa.

Tuanze na ile namba mnayopewa siku ya kuchimba. Mchimbaji akifika chini anapuliza kisima kwa kampresa. Maji yanaruka, watoto wanashangilia, mwenye kiwanja anapiga picha, na kwenye karatasi inaandikwa “lita 6,000 kwa saa”. Namba hiyo si ya uongo, ila ni ya nusu saa ile. Sehemu kubwa ya Dodoma imekaa juu ya granaiti na miamba ya jamii hiyo. Maji hayajatuama huko chini kama bwawa. Yamo kwenye nyufa na kwenye mwamba uliolika juu yake. Kama ufa mkubwa uko mita 48, kisima kitakupa maji vizuri mpaka usawa wake ufike hapo. Ukipita hapo, maji yanashuka mbio. Kampresa haikuonyeshi hilo.

Ndiyo maana tunashusha pampu yetu, tunavuta kwa hatua, kisha kwa kiwango kimoja usiku kucha bila kuzima, huku kijana ameshika dipa, utepe wa kupimia kina cha maji kisimani, anaandika yameshuka kiasi gani. Tukizima, tunaandika tena yanavyopanda. Hapo ndipo dizeli inapoishia, na ndiyo bei mnayolipa. Aliyelala ni yule wa zamu ya pili.

Sasa vidude. Ni altrasaundi, ileile ya kliniki ya wajawazito, ila hapa inaangalia maji. Kimoja kinatuma mlio usiosikika kwenda kwa mwenzake, kisha wanabadilishana. Mlio unaofuata maji unafika mapema kidogo kuliko unaopingana nayo, na tofauti yao ni chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kutokana na tofauti hiyo mashine inajua maji yanakwenda kwa kasi gani, kisha inazidisha kwa ukubwa wa tundu la bomba. Hapo kwenye tundu ndipo pana kazi. Ukikosea milimita 2 tu za kipenyo cha ndani kwenye bomba la milimita 50, jibu limepotoka kwa karibu asilimia 8, na skrini haitakuambia kitu.

Kuna kazi moja ya Bahi, bomba la chuma la zamani, mwenye nyumba hataki likatwe. Kutu kwa nje imevimba, ndani limejenga gamba la chumvi. Fundi alikaa chini na tupa, akamaliza na msasa mpaka chuma kikang’aa kama upana wa kiganja, ndipo tukapaka jeli na kufunga. Namba zikaja, lakini zikawa juu kuliko tulizopata kwa kujaza pipa na kuhesabu muda, kwa sababu mashine ilidhani tundu bado ni lile la kiwandani. Tukamwambia mzee: ama tukate, ama tutumie pipa. Tukatumia pipa.

Maana ndoo na pipa si adui zetu. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja, kisima kinatoa lita 1,200 kwa saa, na ukikosea sekunde mbili hakuna kilichoharibika. Lakini ikijaa kwa sekunde 12, hiyo ni lita 6,000. Ukisoma 10 unapata 7,200, ukisoma 14 unapata kama 5,140. Pampu utakayonunua kwa 7,200 siyo ya 5,140.

Mama mmoja wa Veyula alifuata njia ya mkato. Alichukua namba ya kampresa mpaka dukani, akauziwa pampu kubwa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mpaka Agosti mambo yalikuwa shwari. Oktoba pampu ikaanza kuvuta hewa kila mchana. Mota ya kuzamisha inapozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Yakikosekana inaungua, nayo ikaungua. Akanunua ya pili ya ukubwa uleule! Alipotuita, kisima kilistahimili lita 1,800 kwa saa. Pampu mbili, waya, na mafundi wa kuvuta mabomba mara mbili: hesabu hiyo aliifanya mwenyewe mbele yetu.

Vijana nao wanatuuliza kuhusu akili mnemba. Wamesoma kwamba kwenye visima vya mafuta, ambako mafuta, maji na gesi hupanda pamoja, kompyuta inasikiliza mwangwi wa altrasaundi na kukadiria kila kimoja ni kiasi gani. Ni kweli inafanyika: programu inafundishwa kwa michanganyiko ambayo vipimo vyake vinajulikana tayari. Sisi wenyewe tuna kaprogramu kanakotambua viputo vya hewa vinapoharibu usomaji, na tulikafundisha kwa daftari zetu za pipa. Lakini hiyo yote inasoma kinachopita bombani sasa hivi. Ufa wa mita 48 haujapita bombani. Hata kompyuta iliyosomeshwa kwenye mafuta itauliza daftari la dipa, na daftari hilo halijazwi kwa dakika tano.

Mkituita, msifukie eneo la kisima. Tuachieni kipande cha bomba kilichonyooka, kama mita moja na nusu, kabla ya koki yoyote. Mdomo wa bomba tutauinua sisi, kwa sababu bomba lisilojaa linadanganya. Chimbeni mfereji upeleke maji mbali, yasirudi kisimani tukayapima mara mbili. Majirani watakuja na madumu, hawakosi. Wachote tu, ila mwisho wa mfereji, siyo mdomoni mwa bomba.