Dawa ya tezi dume: ni ya ugonjwa upi?

Mhariri,

Kila asubuhi redioni, na wakati mwingine katika kurasa za gazeti hili, sisi wazee tunauziwa dawa ya mitishamba inayodaiwa kutibu kuvimba kwa tezi dume na saratani ya tezi hiyo, yote kwa chupa moja. Naomba nafasi niulize: nani aliipima, na aliipimia ugonjwa upi kati ya hiyo miwili?

Sidharau mitishamba. Nimekulia chini ya Mlima Kenya, kwenye muiri, ule mti wa gome jeusi lililopasukapasuka ambalo ukilivunja linanukia lozi chungu. Gome hilo limesafirishwa Ulaya miaka na mikaka kutengenezewa dawa ya tezi dume. Miti ilibambuliwa pande zote ikakauka ikiwa imesimama, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kupitia CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Dawa hiyo ya muiri ilifanyiwa majaribio. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, waliyakusanya 18, yenye wanaume 1,562, wakaona inasaidia kiasi: kuamka usiku kwenda haja ndogo kulipungua kwa asilimia 19. Si haba. Lakini majaribio hayo yalikuwa mafupi, hata lililodumu zaidi lilikuwa la miezi minne hivi, na yote yalihusu kuvimba. Saratani haikuwamo.

Hapo ndipo matangazo yanapotupoteza. Uvimbe wa kawaida huanzia katikati ya tezi, panapopita mrija wa mkojo, ndiyo maana mkojo hukatikakatika. Saratani aghalabu huanzia pembeni, mbali na mrija, ikakua kimyakimya. Mzee anaweza kumaliza chupa yake, akakojoa vizuri, akamshukuru Mungu, kumbe saratani inaelekea mifupani. Nenda kliniki yoyote ya mkojo uwaone kwenye benchi, mfuko wa kukingia mkojo umefichwa chini ya koti. Wengine wamekuja kwa sababu ya maumivu ya mgongo tu. Daktari akiwauliza walikuwa wapi muda wote huo, wanataja chupa.

Kisha kuna ule wimbo wa "ni ya asili, haina madhara". Vitamini E nayo hupatikana kiasili katika vyakula. Katika utafiti wa SELECT, uliohusisha wanaume zaidi ya 35,000 huko Marekani, Kanada na Puerto Rico, ilitarajiwa kwamba ingezuia saratani ya tezi dume. Matokeo ya 2011 yalionyesha kuwa waliopewa vitamini hiyo peke yake waliugua saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina kituo cha utafiti wa dawa za kienyeji. Gome ni letu, wagonjwa ni wetu. Sioni kwa nini majaribio marefu ya muiri yasifanyiwe hapa, kwa wanaume wetu wenyewe.

Nawe Mhariri, kabla ya kupokea pesa za tangazo, mdai mwenye chupa ataje ugonjwa mmoja na aonyeshe jaribio lililofanywa. Akishindwa, nafasi hiyo andika kwamba kipimo cha damu cha PSA, protini itokayo kwenye tezi dume, hupanda kwa uvimbe wa kawaida na kwa saratani pia, kwa hiyo mzee asiishie hapo, bali akubali na kipimo cha kidole, daktari akiipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Najua hicho ndicho wengi wetu tunachokikimbia.

Mwalimu mstaafu,
Nyeri