Kwako uliyebakisha mkono wangu tu

Mdogo wangu, nakuandikia hapa kwa sababu wasap kwako tangu urudi Muscat naona kile kichwa cha kijivu tu, meseji tiki moja wiki ya tatu hii, basi nikajua. Kumbe hata dada wa tumbo moja anablokiwa. Haya.

Picha yenyewe unaijua. Idi pili, 2019, Raskazone, kusi limekaza mpaka vikombe vya juisi vinaruka, mtandio wa mama umepeperuka, anacheka, mie ndo naudaka nimrudishie kichwani na wewe badala ya kusaidia unapiga picha. Nzuri, sikatai. Mama mbele ya simu siku zote alikaza uso kama anapiga ya pasipoti, siku ile tu ndo alijisahau.

Sasa mama tumemzika alasiri, isha umeshaiweka dipii. Na kale kaduara ka wasap kanakula pembe zote, ukamsogeza mama katikati, mie nikatoka nje, ukabaki mkono wangu na bangili umeshika ncha ya mtandio. Siku ya hitma tumekaa mkekani pale Makorora, simu inapita mkono kwa mkono, shangazi akavaa miwani, akaisogeza, akauliza, "Huu mkono wa nani unamvua marehemu mtandio?" Watu kimya. Na wewe ulikuwepo, unachambua mchele, ukajibu "sijui" bila hata kuinua uso. Sijui! Mkono uliokusuka nywele mpaka unamaliza darasa la saba.

Ndo nikapayuka. Najua msibani si pa kupayuka, lakini ulitaka nifanyeje, marehemu kichwa wazi, kila mwenye namba yako anamuona, mpaka fundi friji. Dipii ni baraza ya nje mwanangu, kila apitaye anachungulia. Ungeweka sura yako, kaa karibu na dirisha mwanga ukupige usoni, sogeza simu maana kaduara kenyewe kadogo, ukikaa mbali unaonekana punje ya mtama. Ile ya hina ya harusi yako ina ubaya gani? Mie yangu niliitoa siku ileile ya msiba nikaweka asumini, nisije nikaambiwa nafiwa huku najipamba, na bado wakasema nimeweka maua kama niko kwenye sherehe. Tanga hii!

Na usiwaambie watu kwamba nilikasirika kwa kukatwa. Nilikasirika kwa ajili ya mama. Sawa, na kukatwa nako, kidogo, maana ukitaka kumkata mtu si umkate wote, mkono unauacha wa nini?

Shangazi kila Ijumaa anauliza kama umepiga, namwambia umepiga, unamsalimia. Nimeshadanganya mara tatu kwa ajili yako.

Ile nzima ninayo, ulinitumia mwenyewe siku ileile, na kidole chako kimeingia kwenye kona. Nifungulie nikurudishie. Ila usiiweke dipii. Au iweke, lakini safari hii na mie nionekane.