Mjomba, yule wa kalenda aliondoka

Mjomba, shikamoo. Simu zangu hupokei, ila wanao hapo Uyole watakusomea hii.

Mwenyekiti wa zamani alijikweza, hilo hatubishani. Kalenda ya ushirika ilijaa sura yake Januari hadi Desemba, na asiposifiwa kikao kizima kinanuniwa. Wewe ndiye uliyembatiza dikteta, tukacheka wote. Lakini aliposhindwa kwa kura za siri alijisifu saa nzima, kisha akakabidhi funguo. Ameondoka.

Wewe uliyekuwa ukivuka Songwe kupeleka mchele Karonga, Malawi, enzi za Rais Kamuzu Banda ungepaswa kujua tofauti. Usinga, akina mama wakimchezea na vitenge vyenye sura yake, urais wa maisha tangu 1971: ulitusimulia hayo kama vichekesho. Kitenge hakikuua mtu. Mei 1983 mawaziri watatu na mbunge mmoja waliuawa kule Mwanza ya Malawi, na serikali ikatangaza ajali ya gari. Hapo ndipo pa kuogopa. Na aliyekuja kumtoa Kamuzu ni sanduku la kura, 1994, baada ya wananchi kuukataa mfumo wa chama kimoja mwaka uliotangulia.

Halafu kuna Salazar, dikteta wa zamani wa Ureno. Hakupenda makundi ya watu wala makeke, aliishi kwa kubana matumizi, mpole wa sauti. Polisi wake wa siri, PIDE, walifunga na kutesa watu kwao Ureno na hapo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Anayejipenda anataka umpigie makofi, basi. Wa kuogopwa hata makofi yako si lazima. Anachotaka ni pasiwepo pa kumkatalia. Kamuzu alikuwa yote mawili, ndiyo maana watu walichanganyikiwa.

Huyu wetu mpya anakuja kwa bodaboda, kandambili mguuni, anawashika wazee kwa mikono miwili. Nawe ukalainika. Siku ya mkutano mkuu akasema tunyooshe mikono, sanduku linapoteza muda, na mgambo wameshajipanga mlangoni. Baba akainuka kuuliza kitabu cha benki kiko wapi. Akajibiwa kwa upole kabisa: mzee, kaa. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wako, Mjomba. Baba alikutazama, shemeji yako mliyechimba naye mashimo ya kahawa mkiwa vijana, wewe ukatazama dari.

Unawaambia watu nilikuvunjia heshima. Nilisema tu, "Mjomba, shusha mkono." Baba alikuwa ameshakalishwa, nani mwingine angesema? Mama? Mama ni dada yako, asingethubutu.

Rambirambi ya baba ulituma kwa simu. Tuliipata, ahsante, ilinunua mchele. Mama hakuuliza kiasi, aliuliza kama unakuja.

Uchaguzi ni Septemba. Dai sanduku. Ukilidai wewe, wazee wa huko juu watakufuata. Mimi wananiita mtoto wa marehemu mwenye hasira. Na uje umsalimie dada yako, hata siku ambayo mimi sipo.