Kalankoe yako haijakosa mbolea, imekosa giza

Wateja wengi wanaingia kitaluni kwetu hapa Goma na malalamiko yaleyale: kalankoe waliyoinunua ikiwa imejaa maua mekundu, sasa ni majani matupu. Wanaomba mbolea. Hatuwauzii. Mmea wenye majani manene, ya kijani kilichokolea, umeshiba. Ukiuongezea mbolea, hasa yenye naitrojeni nyingi, utazidi kutoa majani.

Asili ya kalankoe ni Madagaska, na maua yake huja majira ya usiku mrefu. Ikipata giza la saa 14 mfululizo kila siku, kwa wiki 6 hivi, huanza kufunga vitumba. Wakulima wa Ulaya huifunika kwa vitambaa vyeusi, ndiyo maana wanaiuza ikiwa na maua mwezi wowote. Sisi tuko karibu na ikweta: iwe Januari au Julai, usiku wetu ni wa saa 12 tu. Na hizo 12 zenyewe mmea wa saloni hauzipati, kwa sababu taa inawaka mpaka saa nne, saa tano, watoto wakiwa bado na madaftari mezani.

Kwa hiyo tafuta kartoni nzima, isiyo na tundu. Saa kumi na moja jioni funika mmea wote. Saa moja asubuhi funua, uuweke dirishani penye mwanga mwingi, maana mchana wa kivuli unaharibu kazi ya usiku. Usiruke siku. Na tafadhali, usifunue usiku kuchungulia kwa tochi ya simu: mwanga mfupi tu unalikata lile giza.

Baada ya hizo wiki 6, angalia katikati ya majani ya juu kabisa. Utaona vifundo vidogo vya kijani, kama vichwa vya pini vilivyosongamana. Hapo kartoni imemaliza kazi. Maua yatafunguka wiki kadhaa baadaye, na yanakaa mwezi na zaidi.

Kuhusu maji, subiri udongo wa juu ukauke, na usiache maji yasimame kwenye sahani. Mizizi inaoza upesi. Hapa kwetu tuna bahati ya kokoto za volkano, zile nyeusi zenye vitundu. Ponda, changanya theluthi moja na udongo, maji yatapita vizuri.

Mwenye mbuzi au paka auweke mmea wasipofika, kwani ni sumu kwao. Aloe nayo usiifungie kwenye kartoni: yenyewe inadai jua kali na umri.

Kama nyumbani hakuna mtu wa kufunika na kufunua kila siku, tuletee. Tunabadilisha udongo, tunaufunika hapahapa kitaluni, nawe unakuja kuuchukua vitumba vikishaonekana.