Mzee anataka mjukuu aitwe Kambarage, mama mkwe hataki hata kulisikia

Dada mshauri shikamoo, na wasomaji wote nawasalimu. Naombeni mnisaidie kufikiri maana mimi kichwa kimegoma. Waifu ana mimba ya miezi 7, ultrasaundi imeonyesha ni dume, na badala ya kuhangaika na nepi na beseni la kuogea sisi tuko kwenye vita ya jina.

Mimi ni Mzanaki, kwetu Butiama, ila nimekulia Mwanza na kazi nafanya hapa hapa Mwanza. Mke wangu ni Mpare wa Same. Baba aliposikia ni wa kiume alinipigia saa 12 asubuhi, salamu hata hajamaliza akasema huyo ni Kambarage, na akakata simu kama mtu aliyeshamaliza kikao. Hilo ni jina la marehemu baba yangu mkubwa, kaka yake, ambaye ndiye aliyemsomesha, bila yeye mzee angekuwa bado anachunga. Kwa hiyo kwa mzee hapa hamna cha kujadili, mtoto wa kwanza wa kiume jina linatoka upande wa baba na hilo jina lilikuwa linasubiri mtu tu.

Sasa mama mkwe yupo hapa kwangu, amekuja kumsaidia binti yake mpaka ajifungue. Ni mama mzuri sana, nasema kweli, sijawahi kukosana nae, lakini ni Msabato wa Biblia mkononi na aliposikia Kambarage akaweka kikombe cha chai chini akaniuliza, baba, unajua hilo jina ni la nini? Nikajifanya sijui. Akasema ni la mzimu, na mjukuu wake haitwi mzimu.

Shida yangu ni kwamba hajadanganya sana.

Wengi mnalijua hilo jina kwa ajili ya Mwalimu tu na wapo wanaodhani ni la ukoo, au eti ni jina la uchifu. Hapana. Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwezi wa masika, na inasimuliwa kwamba siku hiyo mvua ilishuka sio ya kawaida. Jina la kwanza alipewa Mugendi, yaani mtembezi, halafu omugabhu, ndio mtabiri wa kwetu enzi hizo, akashauri abadilishiwe aitwe Kambarage. Na Kambarage kwa imani ya Wazanaki wa zamani ni roho ya mvua, tena roho ya kike! Hicho ndio kitu mama mkwe alikipata sijui wapi akakileta mezani, kwamba sio mzimu tu ni mzimu wa kike anapewa mtoto wa kiume, hapo waifu nae ambaye alikuwa katikati akahamia kwa mama yake moja kwa moja.

Mimi naliona tofauti. Kwetu Mara majina mengi ni ya hali iliyokuwepo mtoto anazaliwa, Wambura ni mvua, Magesa ni wakati wa mavuno, na hata hilo Nyerere lenyewe ni viwavi, maana baba yake Mwalimu, chifu Nyerere Burito, alizaliwa kwenye miaka ya 1860 wakati viwavi vimevamia nchi. Kwa hiyo nchi nzima tunatamka Kambarage Nyerere kwa heshima zote kumbe ni mvua na viwavi, ni taarifa ya hali ya hewa na kilimo. Mimi nikilisikia nasikia mvua, na nasikia sauti ya baba mkubwa akicheka, sisikii mizimu wala sisikii siasa.

Halafu kingine kinachoniuma ni kwamba jina lenyewe linapotea. Mwalimu alibatizwa 1943 Nyegina, pale karibu na Musoma, akaitwa Julius, na hilo Julius ndilo watu walilolibeba. Nimesoma na kina Julius shule ya msingi, sekondari, chuo, mpaka kazini wapo wawili, ila Kambarage kama jina la kwanza nje ya watu wa kwetu sijawahi kukutana nae. Na sio Mwalimu peke yake, angalieni Afrika Kusini, watoto wa kibongo wanaoitwa Mandela wapo kibao, mlishasikia nani kaita mwanae Rolihlahla? Na hilo ndio alilopewa na baba yake, Nelson alipewa na mwalimu wa shule. Kwame ndio alitoboa, maana lile la Nkrumah ni la mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumamosi kwa Waakan wa Ghana, wako mamilioni, na miaka ile ya 60 na 70 hadi Wamarekani weusi wakalichukua kwa mikono miwili. Letu halikutoka Mara. Limebaki kwenye uwanja wa mpira wa Shinyanga na kwenye vibao vya mitaa na shule.

Ndio maana mzee anakataa katakata lile wazo ambalo mimi niliona ni la busara, kwamba tuweke jina la kizungu au la Biblia mbele halafu Kambarage lije la pili. Nikamwambia mzee, si hata Mwalimu mwenyewe wanae aliwapa hivyo hivyo, Charles Makongoro, Godfrey Madaraka, Emil Magige, kuna ubaya gani? Akanijibu kitu mpaka leo sina jibu. Akasema angalia hicho chuo cha kilimo walichokipa jina lake pale Butiama, kimeandikwaje? Julius K. Nyerere. Nyumbani kwake kabisa, limebaki K na nukta. Jina la pili, akasema, ni la kuzikwa nalo, kaka yangu simuweki kwenye nukta.

Kwa upande wa mama mkwe nimejaribu njia ya kistaarabu. Nilimwambia kwamba mtu mwenye jina hili hili Kanisa limeanza mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, kupitia Jimbo la Musoma, na tangu 2005 anatambulika kama Mtumishi wa Mungu. Akaniangalia akasema hayo ni ya Wakatoliki. Mada ikafungwa hapo, nikaenda kumwagilia bustani ambayo ilikuwa imeshamwagiliwa.

Lakini dada nina silaha ambayo bado sijaitoa na ndio moja ya vitu nataka mnishauri. Huyu mama mtoto wake wa kwanza, shemeji yangu mkubwa, anaitwa Denis. Sasa nimesoma, Denis linatoka kwa Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki! Yaani mama ambaye chai yenyewe anakunywa kwa tahadhari amemzaa mungu wa pombe na anamuombea kila Sabato, na hana habari. Na hilo Julius linaloonekana la kikristo safi ni la ukoo wa kina Kaisari kule Roma, ukoo ambao ulikuwa unajisifu umetokana na mungu wao wa kike Venus. Tena sio mambo ya vitabu vya dunia tu, kwenye Biblia yake yumo Apolo, Matendo 18, Myahudi wa Iskanderia, hodari wa Maandiko, na jina lake limetokana na mungu wa Kigiriki Apollo, na Priskila na Akila walipomchukua wakamfundisha njia ya Mungu kwa usahihi zaidi hawakumwambia kwanza kabadilishe jina. Paulo nae akaendelea kumuita Apolo hivyo hivyo. Nikiwa peke yangu kwenye daladala nashinda hiyo kesi kila siku, ila nikifika nyumbani nikimuona mama kakaa anamsugua binti yake miguu iliyovimba nashindwa. Ishu ya Denis hasa naogopa, atahisi namkejeli mwanae.

Waifu yeye mambo ya mizimu wala sio kivile, nimeshamjua. Yeye anataka Ethan au Jayden, na hoja yake ya kweli ni shule. Anasema watoto wataanza kumuita Kamba, na mnajua kamba mtaani ni nini, atakuwa kila akisema kitu wenzake wanasema huyo anapiga kamba, hata akisema ukweli. Hapo ana pointi, siwezi kukataa, watoto hawana huruma. Mimi mwenyewe naongezea hofu yangu ambayo sijamwambia, kwamba atakuwa mtu wa kuulizwa maisha yake yote wewe ni wa familia ya Mwalimu? Na akijibu hapana watamuona kama kaiba, na kila Oktoba 14 walimu watamsimamisha mbele atoe hotuba, na akifeli hesabu ndio itakuwa habari. Ila nikimfikiria Jayden nae, mtoto wa dada yangu yuko chekechea na mwalimu akiita Jayden wanainuka wanne, sasa hiyo ni faida gani jamani.

Muda hauniruhusu kuzungusha. Mzee ameshasema mtoto akitimiza wiki anapanda basi anakuja Mwanza kumuita kwa jina lake mwenyewe, mbele ya ndugu, na mama mkwe bado atakuwepo hapa. Na jina likishaingia kwenye cheti cha kuzaliwa kuja kulibadilisha ni safari, mpaka vyeti vya shule vinaanza kugongana.

Kwa hiyo naomba ushauri kwenye haya. Hoja ya Apolo nimpe mama mkwe mwenyewe au nimtumie mchungaji wake, na je ya Denis niiache kabisa? Kuna mtu humu ameweka jina la kienyeji la kwanza na la dini la pili, yaani Kambarage Daniel badala ya Daniel Kambarage, na shuleni na makaratasini halikumletea usumbufu? Na nyie mlioolewa upande wa Mara, mlifanyaje mzee wa ukoo aliposhikilia jina na nyie hamlitaki, maana nataka nimuelewe mke wangu pia, ndie anayebeba. Kama kuna Kambarage yeyote anasoma hii namuomba aseme shule walimuitaje na aliishi nalo vipi, huyo nitamsikiliza kuliko wote. Wa kunijibu nimpe mtoto majina yote matatu asinijibu, mzee nimeshamuuliza.

Baba mtarajiwa, Mwanza